Jasi Ikilala

Kwa mama Raheli pale Ihanja hakuna kitu kinachobaki na rangi yake. Bati jeupe, muarobaini mweupe, mbwa mweupe ambaye wapita njia wanadhani alizaliwa hivyo. Ni vumbi la jasi. Mama Raheli ana karakana ya chaki nyuma ya nyumba yake. Mawe ya jasi yanakuja na lori kutoka upande wa Itigi, yanatwangwa, yanachekechwa, unga unakaangwa kwenye karai kubwa la chuma, halafu unakorogwa na maji na kumwagwa kwenye kalibu, unatoka chaki. Ukifanya kazi pale, jioni unarudi nyumbani kama marehemu aliyekosea njia ya makaburini.

Asubuhi hiyo Urbano akaingia kazini na shati jeusi. Limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama kama kisu.

"Kaka Urbano, kuna msiba?" Faith akamuuliza. Faith ni binti wa mama Raheli, yuko kidato cha tatu, na likizo zote anashika kalibu.

"Shika kazi yako."

"Nauliza tu. Maana na shati hilo, mchana utakuwa pundamilia."

Mzee Sostenes akacheka huku anakohoa. Huyu ndiye mpishi wa karai. Mikono yake, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, ina makovu ya moto yaliyopandana kama magamba, na karai lile analipenda kuliko anavyompenda mtu yeyote aliye hai. Lakini leo hakusogea jikoni. Alikwenda kukaa kwenye rundo la kuni, akaokota shoka, akamwinamishia Urbano kichwa kwa heshima ya dhihaka.

"Shikamoo, fundi."

"Mzee, tulikubaliana hutanichekesha."

"Tulikubaliana nitakuwa kibarua wako. Vibarua tunasalimia."

Mambo yalikuwa hivi. Urbano alikuwa na miaka ishirini na kitu, na hajawahi kukaa mahali. Shule aliiacha kidato cha pili, wala hakufukuzwa, wala ada haikukosekana. Dawati lilimwasha. Akaenda Sekenke kuchimba dhahabu, akaondoka duara lao, yaani shimo lao, likiwa halijafika kwenye mwamba wenyewe, na wenzake wakapata baada ya yeye kuondoka. Akaendesha bodaboda Singida mjini. Akakamua alizeti. Akalima vitunguu, akaviuza shambani kabla havijakomaa kwa sababu alichoka kuviangalia. Mama yake anasema mtoto huyu alimzaa akiwa safarini, ndiyo maana anadhani bado hajafika.

Kwa mama Raheli alikuwa anatwanga. Basi. Nyundo, kinu, chekeche. Na hapo alikaa kuliko sehemu zote alizowahi kukaa, kwa sababu ya Scholastika.

Scholastika ni binti wa Kinampanda, huko Iramba, anakaa kwa shangazi yake hapo Ihanja anajifunza kushona. Urbano alipeleka suruali iwekwe kiraka, akairudisha tena siku ya pili kwa tundu alilolitoboa mwenyewe. Scholastika akalitazama lile tundu, akasema, "Hili lina kona nne. Umetumia mkasi?" Tangu hapo Urbano akili haikumrudi. Akamtuma baba yake mdogo, Philipo, akawe mshenga. Na baba mdogo Philipo akifika mbele ya watu ulimi wake haujui breki. Akawaambia wazee wa Kinampanda: kijana wetu ni mpishi mkuu wa jasi, bila yeye chaki haitoki, watoto hawasomi.

Sasa kwao Scholastika wana kawaida yao. Posa haijibiwi mpaka mjomba wa binti aende akamwone kijana akiwa kazini. Haendi na taarifa. Anakwenda, anaangalia mikono inavyofanya, anarudi, anasema ndiyo au anasema hapana, na akishasema hakuna wa kumrudia. Mtu akijulikana amempasha habari kijana, ni fedheha kwa nyumba nzima.

Scholastika akampasha. Alimpigia simu jana yake, sauti ndogo kama anaongea ndani ya kabati. "Mjomba Gerald anapanda gari kesho. Wewe umesikia mwenyewe, mimi sijasema. Wakijua ni mimi, shangazi ananirudisha nyumbani, na kushona ndiyo basi."

Ndipo Urbano akaenda kwa mzee Sostenes. "Mzee, niazime karai. Siku moja tu."

"Karai si mwavuli, kijana."

"Nitakupasulia kuni mpaka mvua zinyeshe."

Mzee Sostenes akafikiria mgongo wake, akakubali. Na mama Raheli alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Singida mjini kufuata vifungashio, kwa hiyo hakukuwa na wa kuuliza.

"Sikiliza basi," mzee akasema asubuhi hiyo, Urbano akiwa ameshaanza kuchochea moto kabla hajaambiwa. "Nasema sikiliza, acha hicho kijinga cha moto. Jasi ni jiwe lililobeba maji. Huyaoni, lakini yamo. Ukilipasha moto yanatoka. Unga utacheza. Utachemka kama uji, na wenyewe ni mkavu. Halafu utalala. Ukilala, toa. Usiongeze hata kijiti. Toa."

"Nimekuona ukifanya mara ngapi, mzee?"

"Kuku nao wananiona."

Faith akadakia kutoka mezani kwake, anapaka kalibu mafuta ya alizeti kwa kitambaa. "Mwalimu wetu anasema kuna vitu ukivipasha moto vinavunjika. Kilikuwa kimoja, vinakuwa viwili, kila kimoja kinashika njia yake. Hapa mvuke unakwenda juu, unga unabaki."

"Hilo nalijua bila mwalimu," mzee Sostenes akasema. "Ndoa yangu ya kwanza."

"Siyo moto tu, babu. Hata jua. Ile dawa ya kidonda yenye povu, inayokaa kwenye chupa nyeusi, ukiiacha wazi juani inavunjika, hewa inaondoka, unabaki unaosha kidonda na maji."

"Ndiyo maana yangu siku hizi haitoi povu. Nilidhani kidonda kimenizoea."

"Lakini hii ya jasi ina raha yake," Faith akaendelea, maana akianza haachi. "Unga wake unakuwa na kiu. Ukiurudishia maji unayanywa, unarudi jiwe. Ndiyo chaki hiyo. Ila ukiuchoma ukapitiliza, kiu yenyewe inakufa. Unaupa maji, unakaa tu."

Urbano hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia barabara.

Moto ukakolea. Alishika mwiko wa chuma, mrefu kama mpini wa jembe, akawa anageuza unga kutoka kingo hadi katikati. Mwanzo hakuna kitu. Unga ni unga. Akabadilisha mguu. Akabadilisha mkono. Akasema, "Hii inachelewa," na mzee Sostenes akasema, "Wewe ndiye umewahi." Kisha mwiko ukawa mwepesi ghafla, kama mtu ameushika upande wa pili anakusaidia. Vishimo vidogo vikafunguka juu ya unga, vikapumua, vikajifunga. Karai zima likaanza kutokota. Unga mkavu, unachemka.

Hapo Urbano alipapenda. Hapo ndipo alipotaka mjomba amkute: mvuke umempanda mpaka kifuani, mwiko unazunguka, karai linanguruma. Akageukia barabara. Kimya. Akageuza unga. Akageukia barabara tena. Lori la vitunguu. Mama na ndoo. Mbuzi.

"Kioo," mzee Sostenes akamkumbusha.

Kuna kipande cha kioo cha dirisha ambacho mzee anakitunza kwenye kopo. Unakishika juu ya karai. Kikipata ukungu, maji bado yanatoka. Kikibaki safi, yamekwisha. Urbano akakishika, kikapata ukungu mzito. Akakaa kidogo, akakishika tena. Ukungu mwepesi, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Na vile vishimo vikaanza kuwa vichache. Unga ukashuka. Ukatulia. Ukawa laini, bapa, hauna hata mkunjo.

Imelala.

Na hapo ndipo mtu akaingia.

Alikuwa mzee mrefu, koti refu la kaki, makatambuga ya tairi miguuni. Hakuwa na haraka. Alisimama kwanza akamtazama mbwa mweupe, akautazama muarobaini, halafu akaja kwenye kivuli.

"Shikamoo mzee," Urbano akasema, na sauti yake ikatoka juu kuliko alivyopanga.

"Marahaba. Habari za kazi? Nimepita tu. Nilisikia hapa mnatengeneza chaki, nikasema nione." Akamgeukia Sostenes. "Za hapa, mzee mwenzangu?"

"Salama. Karibu kiti." Sostenes akampindulia ndoo. Kisha akasimama wima kama askari, akamgeukia Urbano. "Fundi, imelala. Nilete ndoo za kutolea?"

Hapa inabidi mtu aelewe jambo. Jasi iliyolala haina cha kuonyesha. Ni unga ndani ya karai na mtu amesimama. Urbano alimtazama mjomba, mjomba alimtazama yeye kwa macho ya mtu anayesubiri zamu zahanati. Yaani ule mchezo wote, ule mvuke, ile ngurumo, hakuuona. Ameona mtu na unga. Mama yeyote anaweza kusimama na unga.

"Bado," Urbano akasema. "Ongeza kuni."

Mzee Sostenes hakusogea. "Niongeze?"

"Mzee, hapa mpishi nani?"

Faith akaacha kupaka mafuta. Mzee Sostenes akamwangalia kijana kwa muda, akaangalia karai lake, na kitu kama maumivu kikapita usoni. Halafu akainua mabega. "Wewe, fundi." Akaenda kuleta gogo la mgunga, kavu, lenye moto mkali, akalisukuma lote chini ya karai.

Na kweli unga ukaamka. Ukacheza tena, kidogo, kwa kuchoka, kama mzee aliyelazimishwa harusini. Urbano akafurahi. Mdomo ukafunguka.

"Unaona hapo, mzee? Hapo jasi inatoa maji ya mwisho kabisa. Wengi hawafiki hapa. Wanaogopa moto. Mimi moto ndiyo kazi yangu."

"Yakitoka yote inakuwaje?" mjomba akauliza.

"Inakuwa kali. Chaki yake haivunjiki."

Faith akapaliwa na mate. Mzee Sostenes akageukia kuni zake, akazihesabu upya, mabega yakimtikisika.

"Huyu mzee amekusaidia siku nyingi?" mjomba akauliza.

"Siku nyingi. Ni mtu mzuri, ila taratibu sana."

"Ana makovu mengi."

"Hajui kukaa mbali na moto," Urbano akasema.

"Na wewe huna hata moja."

"Mimi najua."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, polepole, macho kwenye mwiko. Macho hayo yalimwasha Urbano kuliko jasi. Akageuza unga ambao hauhitaji kugeuzwa. Akafuta jasho. Kila alipofuta, mkono mweupe uliacha mstari kwenye shati jeusi, na pundamilia wa Faith akaanza kuonekana.

Wakatoa unga kwenye ndoo, wakaupooza kwa kuutandaza kwenye turubai. Faith akakoroga na maji. Alipokoroga alimwangalia Urbano bila kusema, maana mkono wake ulishajua. Uji wa jasi nzuri unaanza kukaza ungali unakoroga, unavuta mwiko. Huu uliteleza tu. Akaumwaga kwenye kalibu, akaparuza juu kwa bapa la bati, akasogea pembeni.

"Sasa tunasubiri kidogo," Urbano akasema. "Ikikaza inapata joto. Ukigusa kalibu unasikia homa. Hapo unafungua."

"Tusubiri," mjomba akasema.

Wakasubiri. Urbano akaweka kiganja kwenye kalibu. Baridi. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaweka kiganja. Baridi. Akakaa juu ya jiwe, akainuka, akasogeza ndoo iliyokuwa mahali pake, akairudisha. Kiganja. Baridi kama mkono wa nyoka.

Mjomba akaanza kusimulia, kama mtu anayeongea na muarobaini. "Mke wangu ana kibanda cha maandazi Kinampanda. Mwaka fulani akaona aniwahishie chai ya asubuhi, akakanda unga wa ngano kwa baking soda na maziwa ya mgando jioni, ili asubuhi akaange tu. Usiku kucha unga ukawa unapumua kwenye beseni. Hewa yote ikaondoka bila mtu kuona. Asubuhi akakaanga. Yale maandazi tulimtupia mbwa wa jirani, akatukimbia."

"Hewa ilitoka kabla ya mafuta," Faith akasema.

"Ilitoka kabla ya mafuta. Tangu hapo hatumuulizi mtu maandazi yatakuwa tayari saa ngapi."

Mzee Sostenes alikuwa amezunguka nyuma ya turubai. Akarudi amebeba ubao, juu yake chaki zimepangwa, nyeupe, kavu, zimenyooka. Za jana. Akaziweka karibu na Urbano, akamnong'oneza bila kufungua midomo, "Fungua kalibu, mgeuzie mgongo, badilisha. Mtoto atamwaga uji. Nakuokoa, mpumbavu wewe."

Njia ilikuwa hiyo, wazi. Mjomba alikuwa anamwangalia mbwa. Urbano akaushika ubao. Lakini uongo nao unataka subira. Inabidi usimame vizuri, usubiri mtu ageuze shingo, uzungushe mkono taratibu, halafu ukae na huo uongo mpaka mgeni aage, na baadaye ukae nao nyumbani miaka. Urbano akafikiria huo muda wote na mwili ukamwasha. Akauweka ubao chini kwa kishindo.

"Mzee, imekufa," akasema. "Nimeiua. Hii haitakaza leo wala kesho. Ilicheza, ikalala, nikaambiwa toa, nikaongeza moto ili uone ikicheza."

Mbwa mweupe alijikuna. Mjomba akainuka, akaja kwenye kalibu, akachomeka kidole. Kikaingia mpaka kwenye pingili. Akakitoa, akakifuta kwenye koti.

"Na mpishi ni nani?"

"Huyu hapa. Mzee Sostenes. Karai lake."

"Wewe?"

"Natwanga."

"Nilijua tangu getini," mjomba akasema. "Siyo kwamba najua jasi. Shati. Mtu haji kazi kama hii na shati hilo mpaka awe anasubiri mgeni." Akarudi kwenye ndoo yake, akakaa, akaweka mikono magotini. "Sasa niambie. Nani alikuambia nakuja?"

Urbano akaacha kuitazama kalibu. Karai hakuliwaza tena. Alimwona Scholastika amebeba begi barabarani, cherehani nyuma yake imefunikwa kitambaa.

Hakusema.

"Nimekuuliza."

"Nimesikia, mzee."

"Ni mtu wa nyumbani kwetu?"

Urbano akakaa chini. Si kwenye jiwe, chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake safi. Akaangalia mikono yake. Faith alimwambia baadaye mama yake kwamba hakuwahi kumwona Urbano ametulia namna ile, hata mguu hautikisiki, alidhani amezimia ameketi.

"Ni binti mwenyewe?" mjomba akauliza.

"Mzee, utaniuliza mpaka gari la mwisho lipite. Hilo sisemi. Kama unakataa posa, kataa kwa ajili ya karai. Karai nimeliharibu mimi."

Upepo wa Singida ukachukua vumbi, ukalipeleka kwenye shati jeusi, ukamaliza kazi. Mjomba akatoa sauti puani, kama kicheko kilichokosa mlango.

"Mimi mke wangu aliniambia," akasema. "Mjomba wake alikuja kuniona nikiwa nalima. Nilijua tangu juzi yake. Nikaazima viatu vya buti kwa mwalimu, vikanibana, nikalima navyo nachechemea, mjomba mtu akadhani ni kilema." Mzee Sostenes akaangua kicheko. "Lakini sikiliza, kijana. Mimi niliazima viatu. Shamba lilikuwa langu. Wewe umeazima kazi."

Urbano akalipangusa shati, vumbi likazidi kusambaa.

"Nikirudi nikasema ndiyo, nitakuwa mwongo. Nikisema hapana, nitakuwa nimehukumu kazi ambayo sijaiona, maana leo sijakuona ukitwanga, wala ukipika sijakuona. Kwa hiyo sisemi." Akasimama, akapangusa koti. "Nitakuja tena. Siku hiyo Scholastika hatajua, na shangazi hatajua, maana hata mimi bado siijui. Nikikukuta unatwanga, nimeona mtwangaji, na mtwangaji si mtu mbaya. Nikikukuta unapika, nimeona mpishi. Nisipokukuta, nimeona pia."

Akaagana na mzee Sostenes kwa mikono miwili. Urbano akasimama, akainamisha kichwa. Mjomba akamshika bega, vumbi likaruka.

"Hilo la kunyamaza umelifanya vizuri," akasema. "Mengine yote leo umeyasema mno."

Mama Raheli alipofika jioni akakuta ndoo za unga uliokufa zimepangwa ukutani kama wafungwa. Hakupiga kelele. Mama Raheli akikasirika anaongea polepole. Alisema unga huo ukamwagwe shimoni, na kwamba aliyeua atatwanga mwingine kiasi hichohicho baada ya kazi za watu wote kuisha, na akiua tena asije kuaga, aende tu.

"Mama, nitatwanga," Urbano akasema. Kisha akamfuata mzee Sostenes aliyekuwa anafunga shoka lake kwenye gunia. "Mzee, nifundishe karai."

"Kuni bado ni zako."

"Najua."

"Mpaka mvua."

"Najua, mzee."

"Na hilo shati liungue."

Huo ulikuwa mwisho wa kiangazi. Baada ya hapo Urbano akawa anatwanga asubuhi, na mchana anasimama kando ya karai, mwanzo mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mzee alimruhusu kioo kwanza. Halafu mwiko, unga ukiwa bado haujaamka. Akaungua kiwiko, akaungua kidole, hakumwonyesha mtu. Usiombe mtu kama yule asimame kuangalia unga. Aliumwa miguu, aliumwa meno, alisikia kwamba kila barabara ya nchi hii inaanzia kwenye lile geti. Jumbe zilikuja kwenye simu. Jamaa wa Sekenke wakasema duara jipya linatema dhahabu, njoo, nafasi ipo. Akaziangalia zile jumbe, akawaza koti refu linaingia getini siku moja, linamkuta Faith na mbwa. Akarudisha simu mfukoni.

Kibaya zaidi ni basi. Kila basi lililosimama pale barabarani lilimpasua kifua. Na mzee Sostenes, ambaye hakuwa na filamu nyingine ya kuangalia, akaligeuza mchezo. "Kuna mzee anashuka," anasema, anachokonoa meno. "Koti refu." Urbano anatupa mwiko, anakimbilia uzio, anakuta ni mama na majogoo wake. Anarudi, karai limeshapitiliza kingoni, na Sostenes anamwonyesha unga ulioungua bila kusema kitu. Alimfanyia hivyo tena na tena. Urbano alimtukana kimoyomoyo kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, na kwa heshima ya umri akasema tu, "Mzee, hii si haki."

"Haki iko mahakamani. Hapa kuna karai."

Mvua zikaja, zikaanza kupungua. Faith alikuwa amesharudi shule. Kuni za Sostenes zilikuwa zimejaa mpaka usawa wa bati. Siku moja mchana, hewa imetulia, Urbano alikuwa peke yake kwenye karai, amevaa fulana iliyokuwa ya kijani zamani. Unga ulicheza, ukanguruma, ukaanza kushuka. Vishimo vikabaki vichache katikati. Viwili. Mwiko ukaanza kuwa mzito, uzito ule ambao sasa aliusikia begani kabla ya kuuona.

Barabarani basi likasimama. Breki zikalia, mlango ukapigwa.

Mzee Sostenes akanyoosha shingo juu ya uzio. Akakaa kidogo. Sauti yake ikatoka tofauti, bila mchezo, au labda ndivyo alivyotaka isikike.

"Kuna mzee anashuka. Koti refu."

Kishimo cha mwisho kikafunguka, kikapumua, kikajifunga. Unga ukalala, bapa, mweupe, hauna cha kumwonyesha mtu yeyote.

"Lete ndoo," Urbano akasema, na hakugeuka.